Pikapu Isiyo na Gia

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kwanza, afya baadaye, maneno mwisho. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Mama yako hajambo, anakohoa tu pale anapotaka nimsikilize. Na wewe je? Unakula? Huko kwenye maofisi yenu ya vioo mtu anaweza kufa njaa huku amevaa koti zuri.

Kabla hujaendelea kusoma, geuza bahasha. Pale penye gundi nimechora mstari wa kalamu nyekundu, nusu huku nusu kule. Kama mistari haikutani, kuna mtu amefungua na kufunga tena, na uniambie. Mambo ya kazi siyasemi tena kwenye simu. Sababu utaiona hapa chini.

Juzi Meneja aliniita mbele ya watu wote wa machimbo. Ameshika ufunguo, ingawa ufunguo wenyewe ni kijiwe tu cha plastiki, ukiudondosha kwenye kokoto huupati tena. Akasema kampuni moja ya mjini imeleta pikapu ya majaribio, nzito kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na wanataka ijaribiwe kwenye mlima wetu ikiwa na trela, na yeye amenichagua mimi. Sikushangaa. Angemchagua nani? Mlima wenyewe unaujua: kutoka shimoni hadi geti la juu barabara ni nyembamba, kona zimebanana, lori haligeuki, ndiyo maana mawe ya kuchonga tunayapandisha kwa pikapu. Wengi wamejaribu kuushika ule mlima, mlima ukawashika wao. Mimi ndiye yule niliyepanda na trela mbili siku klachi ilipokatika, nikipanga gia kwa sikio tu huku mkono mmoja namenya chungwa. Wewe ulikuwa umekaa kando yangu, ni shahidi, japo mama yako anashikilia kwamba siku hiyo ulikuwa shuleni.

Basi nikaingia, nikapeleka mkono kwenye gia. Mkono ukashika hewa. Nikajisemea labda ni otomatiki, si neno, otomatiki nayo ina gia zake, inazibadilisha kwa siri lakini ukitega sikio unazinasa. Hili halina kabisa. Nikamwuliza fundi aliyekuja nalo, jamaa mwembamba, kila saa ana nyaya mkononi, sisi tunamwita Bwana Waya. Akasema ndani mna puli mbili na mnyororo wa chuma kati yake. Puli zinatanuka na kubana, mnyororo unapanda na kushuka, basi. Nikauliza, sasa gia zake ngapi? Akasema hazina idadi. Mpwa wangu, mimi nimeuza na kununua vitu vingi, na kila aliyeniambia kitu chake hakina idadi alikuwa na jambo anaficha.

Kijiko naye, yule anayeendesha kijiko cha kupakia mawe, unamkumbuka kwa mdomo wake, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Hili hata bibi yangu ataliendesha, na haoni." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini cheko lilikuwa la meno. Maana kama kila mtu ataliendesha, mimi nabaki kuwa nani? Hapa machimbo hakuna anayejua jina langu. Wanajua tu kwamba mlima ukiwa na utelezi, aitwe yule. Nikitoka kwenye usukani mimi ni mzee wa goti moja.

La pili: gari lilipowaka tu, liliniomba ruhusa liungane na simu yangu lisome majina ya watu wangu. Gari hilo. Hata mama yako hajawahi kuniomba jambo kama hilo, na yeye hana haya.

La tatu: mlangoni kuna nembo, gurudumu lenye mstari katikati. Nembo hiyo niliiona ikining'inia shingoni mwako ulipokuja kumtazama mama yako. Sisemi kitu. Nauliza tu.

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika, mistari ya kalamu imekutana vizuri, hakuna aliyeifungua. Mimi sijambo, nakula, na koti nimelivua kwa sababu ya joto. Mwambie mama nimesikia kuhusu kikohozi na nitapiga simu Jumapili. Goti lipake mafuta na ulitie joto, usilisimulie tu.

Ndiyo, nembo ni yetu. Giaboksi hiyo ni kazi ya chumba chetu, na mimi ni mmoja wa watu wa chumba hicho. Ni mimi niliyesema ipelekwe kwenu. Nilijua hakuna mlima mbaya kama ule, na hakuna anayeujua kama wewe. Sikukuambia mapema kwa sababu sikutaka uliendeshe kwa kunionea huruma, wala kwa kunifurahisha.

Bwana Waya hakudanganya. Fikiria gia za kawaida kama ngazi: unasimama kwenye kidato hiki au kile, katikati hapasimamiki. Hii yetu ni kama njia ya mteremko isiyo na vidato, popote unasimama. Injini inakaa pale inapopata nguvu zaidi kwa mafuta kidogo, na mnyororo unafanya mengine. Gari ndogo zinazo tangu zamani, hata matrekta makubwa ya mashambani yana giaboksi za namna hii. Pikapu nzito tu ndiyo imeachwa, kwa sababu watu wanaamini mnyororo hauwezi kuvuta trela mlimani. Sisi tunasema unaweza. Na hapa ofisini wapo wanaosema tunapoteza muda, kwamba magari ya umeme yatafika na kuifuta giaboksi yenyewe. Kwa hiyo mlima wenu ndio utakaosema kama kazi yetu ina kesho au haina.

Kiti chako hakuna anayekitaka. Chini yake utaona kiboksi cheusi, nacho kinaandika tu jinsi mashine inavyofanya kazi. Nakuomba kitu kimoja: usilibembeleze gari wala usilikomoe. Endesha kama unavyoendesha siku zote.

Mpwa wako

*

Tarehe 1 Machi

Mpwa wangu,

Hali hapa ni njema kwa nje. Mama yako amepona kikohozi mara tu ulipopiga simu, daktari asiulizwe. Wewe natumaini u mzima, na kama si mzima usinifiche, maana naona familia hii imeanza kufichana.

Unasema kiboksi kinaandika mashine tu. Sasa nieleze hili. Kila jioni Bwana Waya anakuja, anachomeka nyaya zake, anafunga vioo vya gari. Joto lote hili, anafunga vioo. Anatazama kompyuta yake, anaita Meneja, Meneja anainama kutazama, kisha wote wawili wanageuka na kuniangalia. Hawaniangalii usoni, mpwa. Wananiangalia miguu. Nilifikiri labda kiatu kimetoboka. Nilikwenda nikajitazama kwenye kioo cha ofisi ya mizani, viatu vizima, nimevipaka rangi asubuhi hiyo hiyo. Basi miguu yangu imefanya nini?

Nimeanza kuweka mitego. Nilinyunyiza vumbi la mawe kwenye zulia karibu na kiboksi, nione nani anagusa. Asubuhi nikakuta zulia limefagiliwa. Mtu asiye na hatia anafagia gari la mwenzake? Nikakifunika kiboksi kwa koti langu la mvua, lile zito la mpira, kama kinasikiliza kisikilize mpira.

Na gari lenyewe lina tabia. Mimi nimeishi na injini kama wengine wanavyoishi na mke: najua anapotaka kusema kabla hajasema. Injini ya kweli inapanda sauti, inalalamika, unaipunguzia gia, inashukuru. Hii inatoka shimoni na sauti moja, uuuuu, hadi getini, kama mtu anayepiga mluzi huku akili yake ipo kwingine. Hailalamiki wala haishukuru. Kijiko anasema ndiyo raha yake. Mimi nasema kinachokwenda bila kubadilisha sauti kinakupeleka kinakotaka chenyewe.

Kupanda linapanda, sikatai. Lakini usidanganyike, ni mimi ninayelipandisha. Jana mvua ilinyesha kona ya pili ikawa kama sabuni, nikapita na trela limejaa, nikamkuta Meneja getini ameshika kichwa, akaniuliza nimepitaje. Nikamwambia niliufumba mlima macho. Amelirudia neno hilo kwa watu watatu.

Sasa nijibu kama mtoto wa dada yangu, usinijibu kama kampuni. Nani anasoma miguu yangu?

Mjomba wako

*

Tarehe 6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ufupi, naandika nikiwa kazini.

Toa koti juu ya kiboksi. Kinapata joto na kinaweza kuungua.

Nitakuambia ambacho sikutakiwa kumwambia mtu. Mnyororo unateleza. Si sana, unywele tu, lakini mnyororo wa chuma ukiteleza unywele kila siku unakula puli, na puli ikiliwa gari linabaki mlimani na trela lake. Unateleza sehemu zile zile kila safari: kwenye kona ya kwanza, kisha kwenye lile jiwe jeupe la katikati ya mlima, na tena kabla ya geti. Tumeipima giaboksi hapa kwa mizigo mikubwa kuliko yenu, na haitelezi hata kidogo. Ni kwenu tu. Wakubwa wamekwisha kunusa. Mwisho wa mwezi kuna kikao, na yule anayependa umeme ameandaa hotuba.

Mimi mwenyewe nimeanza kumshuku kila mtu. Je, wanapakia mawe kuzidi uzito? Bwana Waya anafungua kitu asichotakiwa? Kuna mtu mwingine anayeendesha usipokuwepo? Na wewe, umesikia kitu, harufu, mtikisiko wowote pale kwenye jiwe jeupe? Niambie ilivyo, mjomba. Naomba safari hii usinipambie.

Mpwa wako

*

Tarehe 12 Machi

Mpwa wangu,

Sote wazima, ila mimi nimechomwa na neno lako moja, na unalijua. Mimi nipambe? Mimi ambaye nilikufundisha kuhesabu kwa gia? Ulikuwa na meno mawili ya mbele hayapo, umekaa kando yangu, unaita "mbili, tatu, nne" kwa kusikiliza injini tu, na hukukosea. Yule mtoto hakuniambia napamba.

Koti nimelitoa. Nimeliweka karibu, kwa tahadhari.

Majibu yako haya. Uzito ni ule ule, mizani ninaiangalia mwenyewe kwa sababu mpimaji simwamini tangu aoe. Hakuna mwingine anayeendesha, ufunguo nalala nao. Bwana Waya ndiye ninayemshuku. Nilimwona amekaa peke yake ndani ya gari lililozimwa, anatabasamu. Mtu anayetabasamu ndani ya gari lililozimwa analipwa na watu wawili.

Ama kuhusu gari kushindwa pale kwenye jiwe jeupe, hilo halipo, na nitakuambia kwa nini, lakini siri hii ibaki kati ya mjomba na mpwa. Lingeshindwa, ila mimi nalisaidia. Wao wameliondolea gia, mimi nimeirudisha kwa mguu. Tazama. Nikikaribia jiwe jeupe, pale ambapo miaka yote natoka namba tatu kuingia mbili, naachia mafuta kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kubeba gunia. Mguu wa kushoto nao nakanyaga sakafu, klachi hakuna lakini mguu una adabu yake. Gari linatulia. Halafu nalikanyagia mafuta kwa nguvu, wakati trela linataka kurudi nyuma. Utalisikia linavyoshtuka, tk, likakumbuka kuwa ni gari. Hivyo hivyo kona ya kwanza, hivyo hivyo kabla ya geti. Bila hiyo pumzi lingekufa zamani, na hao wenye nyaya wasingejua limekufa na nini.

Si ulisema niendeshe kama ninavyoendesha siku zote? Ndivyo ninavyoendesha siku zote. Sasa waambie wakubwa wako, bila kunitaja, kwamba gari lenu lina bahati.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Aprili

Kwa wahusika,

Ufunguo nimerudisha. Meneja alisema ni agizo kutoka mjini, jaribio linataka dereva ambaye mguu wake haujui gia. Alisema maneno hayo hayo, "haujui gia", kama mtu anayesoma. Bwana Waya alikuwa nyuma yake, anachezea nyaya, hakuthubutu kuniangalia popote, hata miguuni.

Gari amepewa Kijiko. Analipandisha kwa mkono mmoja, mwingine ameutoa nje ya dirisha. Linakwenda uuuuu toka chini hadi juu na halishtuki popote. Mnyororo wenu sasa hautelezi, nasikia mmefurahi.

Mimi niko getini. Nainua mti wa kizuizi, nashusha mti. Kijiko akipita ananipigia honi ya heshima, nayo ndiyo inayouma zaidi kuliko kama angenicheka.

Siri niliyoandika niliiandikia mtu mmoja. Mstari wa kalamu ulikuwa mzima, najua, maana nilimpa barua dereva ninayemwamini. Kwa hiyo aliyeifungua ni yule yule aliyeandikiwa.

Aliyekuwa dereva wa gari lenu

*

Tarehe 27 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Nakusalimia kwa sababu naogopa kuanza barua kama ulivyoianza yako. Mama ameniambia huli vizuri na umeacha kusimulia. Amesema kelele zako zilikuwa zinamchosha, lakini kimya chako kinamtisha.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye "pumzi" nilikaa chini. Mguu wako ukiachia mafuta, giaboksi inafikiri mzigo umepungua, inalegeza puli. Halafu unakanyaga ghafla na trela linavuta nyuma, mnyororo unakutwa umelegea. Ile "tk" unayoisifu ndiyo kuteleza kwenyewe. Tulitafuta kosa kwenye chuma kwa majuma, kumbe hapakuwa na kosa kwenye chuma.

Nilikwenda kwenye kikao. Ningeweza kusema mambo mawili. La kwanza, dereva anakosea. La pili, mashine haijui madereva. Nilisema la pili. Niliwaambia kila atakayenunua pikapu nzito ni mtu aliyeendesha gia nusu ya maisha yake, atafika kwenye jiwe jeupe lake na ataachia mafuta, hata mumwandikie kitabu kizima cha kumkataza. Kama giaboksi hii haimvumilii mtu huyo, haina kesho, na umeme utaikuta imekwisha kufa. Wao wakachukua la kwanza kwa sababu ni fupi. Niliwaonyesha pia kwamba ni mimi niliyekuandikia uendeshe kama siku zote. Mkubwa mmoja akasema, "Basi tuweke mtu ambaye hana siku zote." Ndivyo ufunguo ulivyoondoka mkononi mwako. Sikuutoa mimi, lakini mlango niliufungua mimi, na sitajifanya vingine.

Nimepata kitu kimoja. Wameniruhusu hadi katikati ya mwaka nijaribu lile la pili. Safari zako zote zimo kwenye kiboksi: wapi unaachia, kwa kiasi gani, unarudi vipi. Nataka mashine ijifunze kutoka kwako, ijue pumzi inakuja, ibane puli mapema badala ya kulegea. Lakini ni mguu wako, na safari ya kwanza sikukuomba. Safari hii naomba. Ukikataa, niandikie, nitafuta vyote. Usipoandika nitajua umeniruhusu.

Mpwa wako, ambaye bado anahesabu gia akisikia injini

*

Tarehe 9 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, zile zote tatu, nilikuwa nimeziweka. Mimi mzima, goti zima, nakula mpaka mama yako ameanza kuficha sufuria. Wewe je, umelala hata siku moja tangu Aprili? Kwenye simu mama yako anasema sauti yako imekonda.

Sikukujibu. Usidhani nilisahau. Kila Jumapili nilikaa na karatasi, nikaandika "Mpwa, nakataa," nikachana. Nikaandika "Mpwa, nakubali," nayo nikachana, maana nilihisi ni mtego. Mwishowe nikaona niache kimya kiamue, na kimya kikafanya ulivyosema.

Sasa sikiliza yaliyotokea, na hapa sipambi, hakuna haja.

Wiki iliyopita Bwana Waya alirudi, akafungua gari, akachomeka nyaya, vioo vimefungwa kama kawaida. Alipotoka akanipita getini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, sikiliza leo." Nilimshuku hapo hapo, kwa mazoea tu.

Kijiko akapakia, akatoka shimoni. Mimi nimeshika kamba ya mti. Uuuuu, kona ya kwanza. Halafu, mpwa, injini ikashusha sauti. Kidogo. Kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kubeba gunia. Halafu ikabeba. Nikasema labda Kijiko amenichungulia akaniiga. Likafika kwenye jiwe jeupe. Likavuta pumzi tena, likabeba, bila ile "tk", limebana vizuri, trela halikusita. Mpwa, ule ulikuwa mguu wangu. Mimi nimesimama getini na miguu yangu yote miwili, na mguu wangu unapanda mlima.

Wapasua mawe waliacha nyundo. Wazee wale wamenisikia nikipanda kwa miaka mingi, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Waligeuka wakalitazama gari, halafu wakanitazama mimi.

Kijiko alifika getini amekuwa rangi ya vumbi. Hakusubiri niinue mti. Akasimamisha, akashuka, akaacha mlango wazi. Akaniambia, "Kuna mtu humu ndani. Limeachia mafuta lenyewe, mimi sikuachia." Nikamwuliza, mtu gani? Akasema, "Wewe." Akaniwekea ufunguo kwenye kiganja kama anayerudisha kitu cha maiti, akaondoka kwa miguu kwenda kwenye kijiko chake. Mkono hakuutoa nje ya dirisha lolote siku hiyo.

Meneja alimwita dereva wa tangi la maji, akakataa. Akamwita fundi wa breki, akasema ana mafua. Mwenyewe akajaribu, akafika kona ya kwanza, gari likavuta pumzi, akarudi kinyumenyume mpaka shimoni, na kurudi kinyumenyume hajui, amekwaruza trela. Hakuna mtu hapa machimbo anayekubali kuendesha gari lenye mtu mwingine ndani yake ambaye bado yu hai na anamtazama kutoka getini. Wameogopa kunikanyaga. Wamenirudishia kiti.

Mimi najua ni kile kiboksi na nyaya za Bwana Waya, ambaye sasa namwamini hadi saa za mchana. Lakini hao hawajui, na sioni sababu ya kuwachosha na habari za puli. Walioniuliza nimewaambia tu kwamba nikikaa sana kwenye gari kitu kinabaki. Ndiyo maana nakunong'oneza: usimweleze mtu wa hapa. Mama yako nimemwambia nusu, na hiyo nusu amekwisha kuieneza.

Nimelipanda tangu jana. Naachia mafuta kama kawaida, nalo limeachia tayari, tunakutana katikati kama watu wawili wanaobeba meza. Ila kwenye jiwe jeupe linachelewa kidogo. Mimi navuta pumzi mbele ya jiwe, lenyewe linavuta likiwa sambamba na jiwe. Ni kosa dogo, lakini ni kosa, na likisemwa ni mimi nitaona haya.

Sasa swali langu, nalo ndilo lililonifanya nitafute bahasha. Kazi yako ilikuwa kulibana lile gari lisiteleze mguu wa mtu ukiachia. Nimeelewa. Lakini Kijiko hakuachia mguu. Gari liliachia lenyewe, sehemu zangu, kwa pumzi yangu, watu wote wakisikia. Hilo mnyororo haukulihitaji. Ulikulia hapa, unawajua watu hawa na woga wao. Unamjua Kijiko, ambaye hata kivuli cha koti langu la mvua kilimkimbiza ulipokuwa mdogo, na ni wewe uliyelitundika.

Je, ulikusudia?

Nijibu kwa karatasi. Simu siiamini, na gari bado linaniomba majina ya watu.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, nimelala siku mbili mfululizo, mwambie mama sauti itanenepa. Kikao kimekwisha: mradi unaendelea, na pikapu inabaki kwenu mwaka mzima na dereva wake. Yule wa umeme alisema amevutiwa na "ile tabia ya kuvuta pumzi", akauliza ni ya nini. Nikamwambia inawasaidia madereva wazoefu. Akaandika.

Jiwe jeupe nimelirekebisha. Bwana Waya atakuja Alhamisi, mwache afunge vioo.

Kagua mstari kwenye gundi. Safari hii nimeuchora mimi.

Mpwa wako